Sentensi Iliyoondolewa Kwenye Fomu: Kisa cha Jesse Gelsinger

Tarehe 18 Juni 1999 Jesse Gelsinger, kijana wa Tucson, Arizona, alitimiza miaka 18. Alikuwa ameingojea siku hiyo kwa hamu. Tangu mwaka uliotangulia alikuwa akitaka kujiunga na jaribio la tiba ya jeni katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, na aliambiwa asubiri mpaka afikie umri wa kujiamulia mwenyewe. Siku yenyewe ya kuzaliwa familia ilianza safari ya kwenda mashariki mwa Marekani, na siku chache baadaye Jesse alikuwa Philadelphia akipimwa. Tarehe 17 Septemba mwaka huohuo alifariki dunia.

Kisa chake kinafundishwa kila mahali panapofundishwa maadili ya utafiti, na mara nyingi hufundishwa kama kisa cha wanasayansi walioharakisha. Mimi naona uzito wake uko kwingine. Watafiti hawa walifikiri sana kuhusu ridhaa kabla ya kuanza. Walijiuliza ni nani anayeweza kukubali kwa hiari ya kweli, wakajibu swali hilo vizuri, na jibu lao ndilo lililomfikisha Jesse kitandani.

Tuanze na ugonjwa. Tunapokula protini mwili huzalisha amonia, ambayo ni sumu, na ini huigeuza kuwa urea ili itoke kwa mkojo. Kazi hiyo inategemea vimeng'enya kadhaa, kimojawapo kikijulikana kwa kifupi kama OTC. Anayekikosa hulimbikiza amonia kwenye damu, na amonia ikifika kwenye ubongo humpoteza fahamu. Jeni yake iko kwenye kromosomu X, kwa hiyo wanaoumia zaidi ni watoto wa kiume. Walio na upungufu mkali huzimia siku chache tu baada ya kuzaliwa, na takriban nusu yao hufa kabla ya kumaliza mwezi wa kwanza.

Jesse hakuwa hivyo. Baadhi ya seli zake zilikuwa na jeni nzima, basi aliishi, ila kwa masharti: chakula chenye protini kidogo na makumi ya vidonge kila siku. Kijana wa umri wake huchoka na maisha ya namna hiyo. Mwishoni mwa 1998 amonia ilimpanda, akalazwa mahututi, akapona. Baada ya hapo alifuata dawa zake vizuri. Alifanya kazi dukani, alipenda pikipiki na mieleka. Kwa lugha ya hospitali, hali yake ilikuwa imetulia.

Wakuu wa jaribio walikuwa watatu. Mark Batshaw aliujua ugonjwa huu kuliko karibu kila mtu. James Wilson aliongoza taasisi ya tiba ya jeni ya chuo hicho na ndiye aliyekuwa na utaalamu wa kirusi kitakachobeba jeni. Steven Raper alikuwa daktari wa upasuaji atakayekipeleka kirusi hicho kwenye ini. Wazo lilikuwa kuchukua kirusi cha mafua cha jamii ya adeno, kukipunguzia nguvu, kukipachika jeni ya OTC, kisha kukiingiza kwenye mshipa unaopeleka damu kwenye ini.

Wajaribu kwa nani? Akili ya haraka inasema watoto wachanga wanaokufa, maana hao ndio wenye shida. Watafiti walimwendea Arthur Caplan, mtaalamu wa maadili wa chuo hichohicho, naye akawashauri wasifanye hivyo. Hoja yake ilikuwa kwamba mzazi aliyesimama kando ya mtoto anayekata roho hana nafasi ya kukubali wala kukataa. Atasaini chochote atakacholetewa. Ugonjwa wa mtoto unamshurutisha. Afadhali waombwe watu wazima ambao hali zao zimetulia: wanaume wenye upungufu hafifu, na wanawake wanaobeba jeni hiyo. Hao wanaweza kukaa, kusikiliza, kuuliza, kwenda nyumbani kulala na jambo hilo, kisha kurudi na jibu.

Wako wanaoilaumu hoja hiyo kwa sababu ilimweka hatarini mtu ambaye hakuwa anakufa. Mimi siilaumu, ila naona wengi huisoma nusu. Jaribio lilikuwa la awamu ya kwanza, yaani la kutafuta dozi ambayo mwili unaweza kuivumilia. Halikukusudiwa kumponya aliyeshiriki. Hata kama jeni ingefanya kazi, kinga ya mwili ingekisafisha kirusi kile ndani ya wiki chache na kazi yake ingeisha. Mshiriki angebaki na kingamwili ambazo zingefanya iwe vigumu kumpa tena kirusi cha aina hiyo siku tiba ya kweli itakapopatikana. Kwa hiyo mtu mzima aliyetulia aliitwa aweke mwili wake rehani kwa faida ya wengine, na alichaguliwa yeye badala ya mtoto kwa sababu moja tu, kwamba yeye anaweza kuelezwa. Ukimchagua mtu kwa sababu hiyo umejifunga deni la kumweleza. Ndiyo kipimo nitakachokitumia kupima yote yaliyofuata.

Mazungumzo ya kina yalifanyika Philadelphia mwezi Juni. Baba yake, Paul Gelsinger, aliyaandika baadaye, na kuna jambo moja katika maelezo yake ambalo naona halitiliwi maanani inavyostahili. Daktari alieleza utaratibu, akaeleza kwamba huenda Jesse akapata homa kama ya mafua kwa siku chache, akataja uwezekano wa ini kuvimba, kisha akafika kwenye kipimo cha baada ya jaribio, ambapo sindano huchomwa kwenye ini kuchukua kipande kidogo cha nyama. Kwa hicho alitoa hesabu: uwezekano wa kufa ni mmoja kati ya 10,000. Paul anasema hiyo sindano ndiyo iliyomtia wasiwasi zaidi, na ndiyo aliyomwambia mwanawe aifikirie kwa makini.

Fikiria hapo kidogo. Hatari iliyokuwa na takwimu iliteka akili ya mzazi. Hatari iliyokuja kumuua mtoto ilielezwa kwa maneno ya jumla, bila namba wala mfano, ikapita. Sidhani daktari alikusudia kumzuga mtu. Kipimo cha sindano kimefanywa kwa watu wengi sana, kwa hiyo takwimu zake zipo; kirusi kilikuwa kipya, takwimu hazikuwepo. Lakini msikilizaji hajui hilo. Akisikia hatari moja imehesabiwa na nyingine imetajwa tu, anachukulia kwamba ile iliyohesabiwa ndiyo kubwa. Anayeeleza hatari ana wajibu wa kusema pia ni ipi haijulikani ukubwa wake, na kulisema hilo kabla ya yale madogo yanayojulikana. Na pale ambapo hakuna takwimu za watu, kuna jambo jingine la kusema: wanyama waliotangulia walipatwa na nini.

Wanyama walipatwa na mambo. Tumbili wa rhesus waliopewa dozi kubwa mno ya kirusi cha kizazi cha awali waliugua, na baadhi yao walikufa, damu ikishindwa kuganda ipasavyo na ini likiwa limevimba vibaya. Nakala ya fomu ya ridhaa iliyopitiwa na wasimamizi wa serikali ilikuwa na maelezo kuhusu tumbili hao. Nakala iliyowafikia washiriki haikuwa nayo. Sentensi iliondoka mahali fulani kati ya meza moja na nyingine.

Watafiti walikuwa na la kusema, na si jambo la kupuuza. Kirusi cha tumbili kilikuwa kikali zaidi kuliko hiki kilichoboreshwa, na dozi ilizidi kwa mbali ile ya juu kabisa waliyopanga kuwapa watu. Kisayansi ni kweli. Lakini hoja hiyo ilistahili kuwekwa mbele ya Jesse pamoja na habari ya vifo, aipime mwenyewe. "Tumbili walikufa, na hizi ndizo sababu zinazotufanya tuamini kwamba wewe hutakufa" ni maelezo kamili. Kuondoa habari kwa sababu wewe mtaalamu umeshajiridhisha haina uzito ni kumwamulia mtu halafu kumletea karatasi asaini uamuzi wako.

La pili lililofichika lilikuwa karibu zaidi. Jesse alikuwa mtu wa 18 kupewa kirusi hicho, katika kundi la dozi ya juu kabisa. Baadhi ya waliomtangulia walikuwa wamepata madhara ya ini ya daraja la tatu, kiwango ambacho, kwa mujibu wa FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, kilitakiwa kuripotiwa mara moja na jaribio kusimamishwa kwanza litazamwe upya. Halikusimama. Hao si tumbili wa kizazi kingine cha kirusi. Ni binadamu, kirusi kilekile, dozi ya chini kuliko yake.

Hapa ndipo fomu inapoonekana udhaifu wake. Karatasi huandikwa siku moja, na utafiti huendelea kwa miaka. Mtu wa kwanza na mtu wa 18 husaini maneno yaleyale ilhali kilichojulikana siku ya kwanza na siku ya mwisho ni vitu viwili tofauti. Ridhaa ya mtu wa 18 ilipaswa kubeba miili ya wale 17. Kila aliyepimwa damu na ini lake likaonyesha kuumia alikuwa amelipa gharama ya kupatikana kwa taarifa, na taarifa hiyo ilikuwa haki ya anayefuata.

Na kuna upande wa pili wa shilingi. Paul anasema aliambiwa kwamba mshiriki mmoja kabla ya Jesse alionyesha nafuu kubwa katika uwezo wa mwili kutoa amonia. Habari njema ilisafiri, mbaya ikabaki kwenye mafaili. Wanaoshughulika na maadili wana jina la kinachotokea kwenye akili ya mshiriki akisikia habari ya namna hiyo; tangu mwaka 1982 Paul Appelbaum na wenzake wameiita dhana potofu ya tiba, yaani kudhani kwamba utafiti uko pale kukutibu. Jesse alijua kwa maneno kwamba hatapona. Inasemekana alimwambia rafiki yake kwamba anafanya hivi kwa ajili ya watoto wachanga. Namwamini. Lakini kujitolea kwa ajili ya watoto kunategemea pia kuamini kwamba kitu hiki kinaelekea kufanya kazi. Ukimpa mtu mwenye moyo huo picha ya mafanikio yasiyokuwepo, umeitumia huruma yake.

Jumatatu, tarehe 13 Septemba, kirusi kiliingizwa kwenye mwili wake kupitia mrija uliopitishwa kwenye mshipa wa kinena hadi kwenye ini. Usiku ule alipata homa, jambo lililotarajiwa. Asubuhi ya Jumanne alikuwa haelewi vizuri yuko wapi na macho yake yalikuwa ya manjano. Mtu mwenye upungufu wa OTC akipata manjano ni hatari mara mbili, kwa sababu chembe za damu zinazovunjika zina protini, na protini huleta amonia. Ikapanda. Akazimia. Wakamsafisha damu kwa mashine, amonia ikashuka, lakini kinga ya mwili ilikuwa imeshawaka mwili mzima: mapafu yakakakamaa, figo zikasimama, mwili ukavimba. Ijumaa ubongo ulikuwa umekufa. Familia iliingia, wakamzunguka, mashine ikazimwa. Tangu sindano mpaka kifo zilipita saa 98.

Baadaye ikajitokeza pia kwamba kiwango chake cha amonia siku chache kabla hakikuwa kile kilichotakiwa na itifaki ya jaribio. Chuo kilijibu kwamba sharti lilihusu siku ya kuandikishwa, si siku ya kupewa kirusi. Nalipita hilo haraka. Wanasheria walilibishania vya kutosha.

Fedha siwezi kuzipita. Mwaka 1992 Wilson alikuwa ameanzisha kampuni ya Genovo, yenye masilahi kwenye matokeo ya taasisi yake. Kampuni hiyo ilichangia bajeti ya taasisi, yeye akawa na hisa, chuo pia kikawa na hisa. Fomu ya ridhaa ililitaja hilo karibu na mwisho. Kwa hiyo huwezi kusema halikutajwa. Unaweza kuuliza lilitajwa kwa nani na kwa namna gani. Kijana wa miaka 18 akifika ukurasa wa mwisho wa fomu, kalamu iko mkononi tayari, na sentensi inayosema mkuu wa taasisi ana masilahi ya kifedha haimwambii kwamba kampuni hiyo inachangia bajeti ya taasisi yenyewe. Sidai kwamba fedha ndizo zilizoua. Nadai kwamba mshiriki alihitaji kujua ili aamue amsikilize mzungumzaji kwa sikio gani.

Swali linaloulizwa kila kisa hiki kinapojadiliwa ni hili: angeambiwa yote, angekataa? Wanaouliza hutaka kuonyesha kwamba hakuna kilichobadilika, kijana alikuwa ameshaamua. Huenda. Alikuwa na moyo wa kujitoa na umri wa kutoogopa. Lakini anayeuliza swali hilo anahesabu matokeo, na ridhaa haipimwi kwa matokeo. Jesse akisema ndiyo baada ya kusikia habari za tumbili na za maini ya waliomtangulia, ile ndiyo ni yake, na kifo chake kingekuwa msiba wa mtu aliyejua alichokuwa anakifanya. Alichofanya kwa kweli ni kukubali jaribio jingine, lile lililoelezwa kwenye karatasi. Lile alilofanyiwa hakuwahi kuulizwa.

Aliyelielewa hilo kwa uchungu kuliko wote ni baba yake, na ilimchukua muda. Kwa wiki nyingi baada ya msiba aliwatetea madaktari. Mwezi Novemba familia na marafiki walipanda Mlima Wrightson kusini mwa Arizona kutawanya majivu ya Jesse, na Raper alipanda pamoja nao. Mtu humwalika kwenye mazishi ya mwanawe daktari anayemwamini. Mwezi Desemba Paul alikwenda kwenye kikao cha kamati ya ushauri ya NIH, taasisi za taifa za afya za Marekani, akiwa bado upande wao. Ndani ya kikao alisikia kwamba matokeo hayakuonyesha jeni kufanya kazi kwa yeyote kwa kiasi cha maana. Zile nafuu alizosimuliwa hazikuwepo. Aliyekwenda kuwatetea alitoka na wanasheria akilini. Mwezi Februari 2000 alitoa ushahidi mbele ya kamati ndogo ya Baraza la Seneti, Septemba akafungua kesi, na Novemba pande zote zikapatana kwa kiasi ambacho hakikutangazwa.

Mamlaka nazo zilichukua hatua. Januari 2000 FDA ilisimamisha majaribio ya taasisi hiyo. NIH ilipodai kumbukumbu za watafiti wengine waliotumia virusi vya jamii ya adeno, ilikuta matukio mabaya 691, na kati ya hayo ni 39 tu yaliyokuwa yameripotiwa kwake mara moja kama ilivyotakiwa. Namba hiyo hunifanya nisiridhike kumlaumu Wilson peke yake. Kama taarifa hazikuwafikia hata wasimamizi, zingewafikiaje wagonjwa? Mwaka 2005 chuo na hospitali ya watoto ya Washington, ambako Batshaw alikuwa amehamia, vilikubali kulipa serikali zaidi ya dola 500,000 kila kimoja bila kukiri kosa, na Wilson akawekewa vikwazo vya kufanya utafiti kwa binadamu mpaka 2010.

Kanuni za Marekani zilizoanza kutumika rasmi mwaka 2019 zinataka fomu ya ridhaa ianze na mambo muhimu zaidi ambayo mtu wa kawaida angetaka kuyajua kabla ya kuamua, kwa ufupi na kwa mpangilio unaoeleweka. Naijaribu kanuni hiyo kwa kuandika mwanzo wa fomu ambayo Jesse angepewa, kwa yale yaliyokuwa yanajulikana wakati ule:

"Jaribio hili halitakuponya, na huenda likafanya usiweze kutumia tiba ya aina hii baadaye. Tumbili waliopewa kirusi cha jamii hii, kikali zaidi na kwa dozi kubwa zaidi, waliugua ini na damu, na baadhi walikufa. Baadhi ya watu waliokutangulia hapa, kwa dozi ndogo kuliko yako, ini lao limeumia. Hatujui dozi yako itafanya nini, na ndiyo sababu tunakuomba. Mkuu wa taasisi hii ana hisa kwenye kampuni inayoweza kufaidika."

Ni aya moja. Kila neno ndani yake lingeweza kuandikwa kabla ya Jesse kulazwa, na kila neno lilikuwa na mtu aliyelijua.